Ungeniuliza Kwanza

Siku ya soko mjini Machakos mtu hatembei, anasukumwa. Ndivyo Muindi alivyofika kwenye kibanda cha Mumbua. Mama mmoja mwenye gunia la ndengu alimpiga kumbo, naye akaigonga nguzo, na akala, viatu vya matairi ya gari, zilizoning'inizwa juu zikamwangukia kichwani.

"Umeangusha, unanunua," Mumbua alisema. Alivaa gauni la kitenge cha manjano na kilemba alichokifunga upande, kana kwamba hajali, ilhali asubuhi alikuwa amekifunga na kukifungua mbele ya kioo mpaka mkono ukamuuma.

"Ni mimi nimeumia. Akala ziko sawa."

"Kwani wewe ni daktari, unajipima mwenyewe?"

"Nesi."

"Asi! Basi jitibu, halafu ununue."

Alinunua, lakini si za kuvaa mwenyewe. Alikuwa nesi wa shirika moja la misaada, kwenye zahanati ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, kulikokuwa na vita. Lugha ya huko hakuijua. Aliyemsemea kwa wagonjwa ni kijana mwenyeji, Abdihakim, ambaye viatu vyake viliisha kwa kumfuata Muindi kijiji hadi kijiji. Mumbua alimtazama mtu huyu aliyevaa shati lililochakaa kola, akimchagulia rafiki akala, na moyo wake ukaenda wote bila kumwomba ruhusa.

Likizo ikawa tamu, ikaisha. Muindi akarudi kazini, mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Mwendwa, umekula?"

"Nimekula. Abdihakim anasema akala zako ni kama gari."

"Mwambie hazinywi petroli. Na wewe unarudi lini?"

Siku moja Muindi hakuweza kutaniana. Alimweleza aliyoyaona: askari wa serikali ya huko walijaza visima mchanga, wakafunga njia ya malori ya mahindi, na watoto walioletwa zahanati walikuwa wepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja.

"Na mmesema?" Mumbua aliuliza. Mwaka huo wa 2007 hata kibandani kwake redio ilishinda ikizungumza, lakini hilo hakuwahi kulisikia.

"Tukisema tunafukuzwa. Hawa watoto watatibiwa na nani?"

"Sasa mnawatibu ili wafe polepole? Nyinyi mnawafunikia hao watu, Muindi!"

"Si rahisi hivyo, mpenzi."

"Mimi siwezi olewa na mtu aliona akanyamaza. Siwezi!"

Simu ikakatwa, na haikupigwa tena.

Mumbua alikuwa akimfungia mteja akala aliposikia sauti ya Muindi redioni. Alitaja visima. Alitaja malori. Alilitaja jina lake kamili na la shirika. Mumbua alipiga kelele soko zima likageuka. Lakini nitalisema hili ingawa yeye hakulisema kwa mtu: jambo la kwanza lililomjia moyoni halikuwa visima. Lilikuwa kwamba sasa watamfukuza, na atarudi nyumbani.

Alirudi kweli, na begi moja. Mumbua akamkumbatia mbele za watu. Ilikuwa kama kukumbatia mlango.

"Zahanati imefungwa," Muindi alisema. "Na Abdihakim wamemchukua. Wamesema ni yeye alinipeleka kwa visima."

Machakos yote ilimpongeza. Kanisani alisimamishwa apigiwe makofi, barabarani wazee walimpa mkono. Yeye akajifungia nyumbani kwa dadake, Mitaboni. Mumbua alipomfuata, alimkuta kakaa na viatu miguuni kama mtu anayengoja kuitwa.

"Ulitaka niseme. Nimesema."

"Kwani ni mimi nilifunga zahanati?"

"Hapana. Hata si mimi. Lakini kama ningenyamaza ingekuwa wazi leo."

"Basi ulisema kwa nini?"

"Nilisema kwa sababu ni ukweli. Na kwa sababu yako. Sijui ni gani ilikuwa kubwa."

Mumbua alirudi mjini akilia. Wakawa hivyo, wapenzi wawili katika wilaya moja, kila mmoja amefungwa kwake, na ufunguo hana hata mmoja.

Hadi mchana mmoja Muindi alipofika sokoni mbio, simu mkononi. "Ni yeye! Yuko kambi ya wakimbizi, Dadaab!" Akaiweka simu katikati ya masikio yao.

"Daktari," sauti ya Abdihakim ilisema, kwa mbali. "Waliniachilia. Nikatembea. Mwambie mwenye akala imekatika kamba moja tu."

Mumbua alicheka na kulia kwa pamoja.

"Nisamehe," Muindi alisema.

"Ulisema ukweli. Baada ya redio, malori mawili yaliachwa yapite. Watu wamekula. Lakini zahanati haiko, na mimi siko nyumbani. Ungeniuliza kwanza, daktari. Wewe ulikuwa na ndege. Mimi nilikuwa na miguu."

 Watu wa redio walikuwa wakimtafuta Muindi tena, wanataka aseme zaidi, ataje makamanda kwa majina.

"Leo nakuuliza," alisema hatimaye. "Niseme?"

"Mama yangu bado yuko kule. Usiseme."

Simu ilipokatika, makelele ya soko yaliwarudia yote kwa mpigo. Muindi alimgeukia Mumbua.

"Sitasema tena, mpaka mama yake atoke. Na pengine hatatoka. Ulisema huwezi olewa na mtu aliona akanyamaza. Sasa ni mimi. Unanitaka hivi?"

Mumbua angependa kumwambia kwamba maneno yale yalikuwa hasira tu. Hayakuwa. Aliyaamini, na hata sasa kifua kilimwaka akifikiria visima. Lakini alimpenda mtu huyu, na mama asiyemjua alikuwa amekaa katikati yao.

"Nakutaka," alisema. "Lakini ukikosa usingizi, usinidanganye ati ni mbu."

Wakafunga ndoa kanisani kulekule Muindi alikopigiwa makofi.

Haukupita muda mrefu, akaja mwanahabari kibandani, msichana mwenye adabu, kinasa sauti mkononi. Macho yake yalimkumbusha Mumbua macho yake mwenyewe ya zamani.

"Mama, wewe ndiye mke wa yule nesi? Amekataa kuongea na sisi. Watoto wanakufa kule na yeye aliona. Hata wewe hakukuambia?"

Mumbua alikitazama kinasa sauti. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Maneno yote yalimjaa kinywani, visima, mchanga, watoto wa kubebwa kwa mkono mmoja.

"Aliniambia," alisema.

Msichana akasogea karibu.

"Aliniambia kule kuna joto sana." Akachukua akala na kuanza kuipangusa vumbi.