Chachu Iliyoonja Damu

Maziwa yalikuwa yamechemshwa asubuhi ile ile. Mama Mikate alimpa mumewe kikombe, akageuka kufunga dirisha, na alipogeuka tena maziwa yalikuwa yameganda na kuota ukungu wa kijani wenye manyoya. Harufu yake ilimpanda puani mpaka machozi yakamtoka.

"Umeniacha siku ngapi?" mumewe aliuliza kwa unyonge.

"Nimefunga dirisha tu, mume wangu."

"Siku zote hizo? Nimekuita mpaka koo limenikauka."

Daktari alikuwa amemwonya. Mumewe aliteleza kwenye chumba cha tanuri, akagonga kichwa kwenye kona ya meza, na ubongo ukiumia hupoteza hesabu ya muda: dakika yaweza kuwa wiki, wiki ikapita kama kufumba jicho. Atarudi taratibu, alisema daktari, usimharakishe. Sawa. Mgonjwa wa kichwa anaweza kukosea saa, lakini maziwa hayakugonga kichwa popote.

Aliyamwaga maziwa. Alikuwa na mikate ya kuoka peke yake sasa, na mtaa mzima ulisubiri kwenye dirisha la kuuzia. Ila kila alipoingia chumbani alikuta jambo la kutia kinyaa zaidi. Alimnyoa mumewe asubuhi, na kabla ya mchana ndevu zilikuwa zimefika kifuani, zimeshikana kwa mate. Kucha zilijikunja, za manjano. Shuka safi lilinuka jasho la mtu aliyelala mwezi mzima. Mwanamume wa makamo alikuwa anazeeka mbele ya macho yake, na kwa mwendo ule angemzika kabla bandeji haijatoka kichwani.

Halafu kulikuwa na ile sauti. Kwenye kona ya chumba, palipopata joto la ukuta wa tanuri, ilikaa ndoo ya chachu: unga mchachu walioachiwa na baba mkwe, unaolishwa unga na maji kila siku, na sehemu yake ndiyo inayoumua mikate. Siku hizi ndoo ile ilicheua. Ilicheua kama mlevi aliyeshiba, na kila ilipocheua, mumewe kitandani aliguna.

Akamwita mganga, bibi mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha. Hata kwa pua ile iliyoziba, mganga alipoingia chumbani alijifunika mdomo kwa mtandio.

"Damu ya kichwa chake iliangukia wapi?" alinong'ona.

Mama Mikate aliinamisha uso. "Nyingine sakafuni. Nyingine... kwenye chachu, ndoo ilikuwa pale mezani."

"Na hukuimwaga?"

"Nilikwangua juu tu, bibi. Chachu ya ukoo utaimwagaje?"

Mganga alimtazama kwa karaha. "Umefuga jini, mwanangu, na unamlisha kwa mikono yako. Ameonja damu ya mtu, sasa anamla siku zake. Nitamchoma. Ila niambie kweli: kuna aliyekula mkate uliotoka humu? Kama yupo, lazima nimtapishe kwanza. Huyu akifukuzwa, hukimbilia kilipo kipande chake."

Mtaa mzima ulikuwa umekula. Yeye mwenyewe alikuwa ameshiba asubuhi ile. Lakini habari hiyo ikitoka, nani angenunua tena mkate kwake?

"Hakuna," alisema. "Ya kuuza naumua kwa hamira ya dukani."

Waliibeba ndoo mpaka kwenye tanuri, nayo ilikuwa nzito kuliko kawaida na yenye vuguvugu la mwili, na walipoimimina motoni chachu haikumwagika bali iliteremka yenyewe, ikivuta nyuzi za kamasi zenye nywele ndani yake, ikapiga kelele kwa sauti ya mumewe, ikimwita mkewe, ikimwuliza mbona amekawia, mpaka kelele ikawa povu, povu likawa masizi, na uvundo ukajaa nyumba nzima.

Chumbani mumewe alifumbua macho. "Mbona umerudi upesi hivyo?" aliuliza, na Mama Mikate akalia kwa furaha.

Asubuhi iliyofuata akafungua dirisha la biashara. Ilibaki mikate ya juzi ya chachu ile, na kuitupa ilimuuma; akajiambia moto ulishapita humo, akaiuza yote akabakiza mmoja. Mumewe, sasa akitembea kwa kushika ukuta, alisema anaenda kunawa uso, anarudi. Mama Mikate akauma kipande cha mkate, akamsubiri.

Akasubiri. Akaita, hakuitikiwa. Njaa ikamshika ikamwachia, usingizi ukamjia ukaondoka, miguu ikavimba, na mwanga wa jua juu ya meza haukusogea hata kidogo. Akaita tena, akalia, akaapa kwamba atasema kweli yote, na kwa mbali akasikia maji ya mumewe yakiendelea kutiririka kwenye beseni, yale yale ya mwanzo, huku kile kipande mdomoni, ambacho hakuwa amewahi kukimeza, kikilainika, kikichacha, kikianza kutambaa chini ya ulimi.

Alikitema kiganjani. Kilikuwa cheupe, kinapumua.

Akainua macho kuomba msaada dirishani. Nje, foleni nzima, mikate mkononi, ilikuwa imeinama, inatema.