Kijitabu cha Karatasi Moja

Mwaka wa 1958 Chepkurui alikuwa akiishi Elburgon, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Mumewe, Kiprugut, alikuwa fundi wa msumeno mkubwa. Walikuwa na mtoto mmoja, Jerop, msichana wa miaka mitatu.

Kila asubuhi king'ora cha kiwanda kililia, na Kiprugut akaenda kazini. Chepkurui alikoka moto na kupika uji. Kisha alibeba debe kwenda kuchota maji. Mto ulikuwa karibu, lakini maji yake yalikuwa na tope. Maji ya kuoshea na kupikia aliyachota mtoni. Maji ya kunywa ya Jerop aliyatoa kwenye chemchemi, mwendo wa saa nzima kupanda kilima.

Mara mbili kwa wiki, mchana, alikwenda kanisani kwenye darasa la watu wazima. Alikuwa amejifunza kusoma kwa miezi minane. Alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, lakini alisoma.

Siku moja alipewa karatasi ya mafundisho kwenye zahanati. Ilikuwa imekunjwa sehemu tatu, kama barua inayotiwa ndani ya bahasha. Juu yake paliandikwa: "Maji Safi kwa Mtoto Wako." Chepkurui alifurahi sana. Hii ilikuwa karatasi ya kwanza kuisoma mwenyewe, bila mwalimu.

Aliifungua nyumbani. Upande wa kushoto alisoma: "Chuja maji kwa kitambaa safi." Upande wa kulia alisoma: "Sasa maji ni safi. Mpe mtoto wako anywe."

"Kumbe ni rahisi hivi!" alisema.

Tangu siku hiyo hakupanda tena kilima. Alichuja maji ya mto kwa kitambaa, akampa Jerop.

Baada ya siku tano Jerop alianza kuhara. Macho yake yaliingia ndani. Hakulia tena, alilala tu. Kiprugut alimbeba mgongoni, wakakimbia hadi zahanati. Dresa wa zahanati, yaani mtu wa kutibu wagonjwa pale, aliitwa Kipketer. Alimlaza Jerop siku nne. Chepkurui hakutoka kando ya kitanda.

"Ulimpa maji gani?" Kipketer aliuliza.

"Maji ya mto. Lakini niliyafanya kama karatasi yako ilivyosema."

Kiprugut alikasirika. "Hiyo ndiyo faida ya kusoma? Zamani hukusoma, na mtoto alikuwa mzima!"

Chepkurui aliinamisha kichwa. Aliona aibu. Alifikiri moyoni kwamba hatarudi darasani tena.

Siku ya nne Jerop aliomba uji. Chepkurui alilia kwa furaha. Kipketer alikaa karibu naye, akatoa karatasi nyingine mfukoni.

"Mama Jerop, nionyeshe ulivyoisoma hii."

Chepkurui aliifungua. Alisoma kushoto, kisha kulia. Akasimama hapo.

Kipketer aliinua ule upande wa kulia. Chini yake palikuwa na maneno mengine: "Chemsha maji mpaka yatokote sana. Yafunike yapoe."

Chepkurui alishika mdomo. "Mimi sikuyaona haya!"

"Ungeyaonaje? Yamefichwa chini ya kunjo," alisema Kipketer. "Karatasi ilikuambia umemaliza, nawe ukaiamini. Ulisoma vizuri, mama. Kosa ni letu tulioitengeneza. Maneno haya niliyaandika mimi."

Alikunja karatasi, akairudisha mfukoni. "Jumamosi nakwenda Nakuru kwa mchapishaji. Njoo nami. Uifungue mbele yake kama ulivyoifungua hapa."

Jumamosi Jerop alibaki na baba yake. Chepkurui na Kipketer walipanda treni. Duka la kuchapisha lilikuwa nyuma ya soko la Nakuru. Mwenyewe aliitwa Bwana Gopal. Binti yake, Shanta, ndiye aliyekunja karatasi zote. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye wino kwenye kucha.

Chepkurui alifungua ile karatasi mezani. Shanta aliangalia vidole vya Chepkurui tu. Vidole viliposimama, Shanta alisema, "Pole sana, mama. Mimi ndiye niliyeikunja. Niliikunja kwa macho yangu mimi, mtu anayeijua tayari. Sikufikiria macho ya mtu anayeiona mara ya kwanza."

Alichukua karatasi tupu. Akaandika namba kwa penseli, moja, mbili, tatu, badala ya maneno. Kisha akaanza kujaribu.

Chepkurui hakuwahi kuona mikono ya namna ile. Shanta alikunja karatasi, akapitisha juu ya kunjo kipande cha mfupa laini. Kunjo likawa kali kama ukingo wa kisu. Alikunja nusu kwa nusu. Alikunja mbele na nyuma, kama kinanda cha kuvuta.

"Fungua, mama," alisema. "Mimi sitakueleza. Nikikueleza, sitajua kama karatasi yenyewe inaeleza."

Chepkurui alifungua kile kinanda. Kikanyooka chote hadi pembeni mwa meza. Akageuza nyuma, akapotea tena.

"Hapana," alisema Shanta. Hakukasirika. Alichukua karatasi nyingine, kisha nyingine. Sakafu ilijaa vipande.

Mwishowe Chepkurui alisema kwa haya, "Dada Shanta, kwa nini isifunguke kama kitabu chetu cha darasani? Kitabu hakinipotezi. Nafungua ukurasa mmoja, kisha unaofuata."

"Kitabu kinahitaji kushonwa," Bwana Gopal alisema kutoka kwenye mashine.

Lakini Shanta aliacha kukunja. Alifikiri. Kisha alichukua karatasi nzima, akaikunja nusu, tena nusu, tena nusu. Alipoifungua ilikuwa na miraba minane, minne juu na minne chini. Akaikunja nusu upande wa urefu wake, ukingo mfupi juu ya ukingo mfupi. Kwa mkasi alikata kutoka kwenye kunjo, akifuata mstari wa katikati, mraba mmoja tu. Akaifungua. Sasa katikati ya karatasi palikuwa na tundu refu. Aliikunja juu kwa chini, akashika ncha mbili, akazisukuma zikutane. Lile tundu likafunguka kama mdomo wa kifaranga. Akazungusha kurasa, na kumbe mkononi mwake palikuwa na kijitabu! Kilikuwa na kurasa nane, bila uzi wala pini.

"Lo!" alisema Kipketer.

Shanta aliandika namba kwenye kila ukurasa, kisha akaifungua karatasi yote tena. Bwana Gopal alikuja kutazama.

"Binti yangu, namba nne zimesimama kichwa chini!"

"Ndiyo, baba. Tukichapisha hivi, ikikunjwa zote zitasimama sawa."

Bwana Gopal aliikunja mwenyewe. Aligeuza kurasa mara mbili. Akacheka, akamgusa binti yake kichwani.

Shanta aliandika maneno kwa penseli kwenye vijitabu kumi, akachora sufuria nyuma ya kila kimoja. "Bado hatuchapishi," alisema. "Mama Jerop, chukua vijitabu hivi kumi vya penseli. Wape watu, usiseme kitu. Angalia vidole vyao."

Chepkurui alifanya hivyo. Wanawake tisa walisoma sawasawa. Wa kumi, jirani yake Jepchumba, alianza nyuma.

"Kwa nini umeanza hapo?" Chepkurui aliuliza.

"Nimeona picha ya sufuria. Nikajua ndipo mwanzo."

Basi picha ya nyuma iliondolewa. Ukurasa wa mwisho ukaachwa mweupe.

Kiprugut naye alishika kijitabu kimoja. Alikitazama mgongo. "Hapa karatasi imepasuka," alisema. "Mbao pia hufanya hivyo ukizikunja kinyume cha nyuzi zake. Mwambie huyo mama ageuze karatasi. Nyuzi zilale kufuata mgongo."

Chepkurui alipeleka maneno hayo Nakuru. Shanta aligeuza karatasi, akaikunja. Mgongo haukupasuka.

"Mume wako ni fundi kweli," alisema.

Vijitabu mia tano vilichapishwa. Darasa la watu wazima lilivikunja kwa mchana mmoja. Ukurasa wa pili ulisema chota. Wa tatu, chuja. Wa nne, chemsha mpaka yatokote sana. Wa tano, funika yapoe. Wa sita, teka kwa kikombe safi. Wa saba, mpe mtoto. Hakuna aliyeweza kufika wa saba bila kupitia wa nne.

Mvua za masika zilipokuja, mto ulijaa tope kama kawaida. Mwaka uliotangulia watoto kumi na wanane wa kiwanda walilazwa kwa kuhara. Mwaka huo walilazwa watatu, nao walipona. Jerop hakuwa mmoja wao. Watu wa Dundori na Gilgil waliposikia, nao waliomba vijitabu.

Siku moja barua ilifika kutoka Nakuru. Chepkurui aliisoma mwenyewe. Shanta aliandika: "Mama Jerop, tunatengeneza kijitabu cha kutunza macho ya watoto. Nimekikunja kwa namna mpya. Tafadhali njoo ukifungue nione."

Jumamosi Chepkurui alishuka kwenye treni pale Nakuru na mwanamke kijana aitwaye Jepkosgei. Huyu alikuwa ameanza darasa mwezi uliopita.

Shanta aliwakaribisha, akamnyooshea Chepkurui karatasi. Chepkurui hakuipokea.

"Mimi nimeshazoea mikunjo yako," alisema. "Nitajua hata pale ambapo karatasi haielezi. Nimekuletea mtu ambaye hajaiona."

Shanta alitabasamu. Kisha akampa Jepkosgei ile karatasi, na wote wawili wakanyamaza, wakaangalia vidole vyake.