Kiu ya Sili

Chai ya kwanza kuwa na chumvi ilikuwa ya Bibiane, mfanyakazi mwenzangu melini. Aliitema kwenye sinki la jikoni, akamlaumu mpishi wa meli, na mpishi akaapa kwamba alichotia ni sukari. Wakacheka, yakaisha. Meli ya wageni wanaokuja kutazama dubu weupe na sili ina mambo mengi ya kushughulikia kuliko kikombe kimoja cha chai.

Lakini jana yake palitokea jambo, nami nalisema hapa hapa mwanzoni kwa sababu hadi leo linanichoma. Wageni walikuwa kwenye mashua ya mpira, ndani ya ghuba yetu, wakimtazama sili aliyelala juu ya kipande cha barafu. Mwendeshaji alikuwa Mikide, mdogo wake Bibiane, mzaliwa wa Ittoqqortoormiit, mji wetu mdogo wa mashariki ya Greenland, kama sisi. Alizima injini mbali, kama inavyotakiwa. Henning, kiongozi wa msafara, Mdenmaki mwenye ndevu za kupigia picha, akamwambia asogee. Mikide akakataa. Basi Henning akamsukuma pembeni na kushika injini mwenyewe, huku wageni wote wamegeukia mbele, macho kwenye kamera. Sili akashtuka, akajitupa majini, akapita chini ya mashua. Rafadha ya injini ikampata shingoni.

Kiangazi sili akiuawa huwa hana mafuta ya kutosha kumwelesha, huzama. Mikide aliinama akampapasa majini, akitaka walau amlowanishe mdomo. Kwetu hata mtoto anajua: sili huishi kwenye chumvi, hufa na kiu, na aliyemuua huyeyusha barafu kinywani mwake mwenyewe kisha akamnywesha. Henning akasema wageni wasione damu, akaondoa mashua. Jioni akawapigia simu wakubwa wa kampuni, akawaambia mwendeshaji alifanya uzembe. Mikide angeshushwa meli ikifika mjini, na hakuna meli nyingine ambayo ingemchukua tena. Uongo mtupu, na aliusema huku anakula.

Baada ya ile chai ikaja supu, kisha maji ya kupigia mswaki. Fundi alifungua matangi, akaonja, akakuta maji ni matamu. Yakipita kwenye bomba yanakuwa bahari. Kisha ukaja uvundo wa mafuta ya sili yaliyochacha, ukakaa koridoni. Kule jua halitui wakati ule, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusingizia giza. Mchana kweupe watu walisikia bomba zikipumua: pfuu, kimya kirefu, pfuu.

Mikide ndiye aliyeanza kunywa. Alikunywa jagi, akanywa ndoo, na kila alichokunywa kilimtoka jasho la chumvi lililoganda jeupe shingoni, na Bibiane aliyekaa kando ya kitanda akamwona anavuta pumzi moja na kuishikilia, akingoja aiachie, na haiachii, midomo inapasuka huku kifua kimetulia tuli, mpaka dada mtu naye akajikuta ameacha kupumua, ndipo pumzi ikatoka kwa kishindo kile kile cha bomba.

"Dada," akanong'ona, "si mimi ninayekunywa."

Hapo Bibiane akaelewa. Sili amezama, hana tena mdomo wa kunyweshwa, ameuazima wa yule aliyenyoosha mkono kumsaidia. Akayeyusha barafu kinywani mwake, akamnywesha. Mikide akaitapika, chumvi tupu. Aliyetakiwa kunywesha hakuwa yeye.

Hofu ikamtoka Bibiane, ikabaki hasira. Akaingia ukumbi wa chakula na bakuli la barafu, akaliweka mbele ya Henning.

"Twende ukampe maji."

"Daktari kamtundikia dripu. Mimi siendeshi kilinge hapa, Bibiane."

"Sili umemuua wewe, umnyweshe wewe."

Henning akashusha sauti. "Chunga mdomo. Au na wewe unataka kushuka?"

Bomba zote za ukumbi zikapumua kwa pamoja. Wageni wakasimama. Henning akaziona kamera, akatabasamu, akawatangazia kwamba leo wana bahati, watashuhudia mila ya wenyeji. Mila! Wakamfuata hadi kabini kama wanaokwenda harusini.

Akatia barafu mdomoni, akamwinamia Mikide. Halikutoka hata tone. Akatia nyingine, nayo ikapotea kama maji kwenye mchanga. Mikide akafumbua macho, na macho hayo yalikuwa meusi yote, hayana weupe, makubwa na yenye majonzi. Kamera zikashuka.

"Mwambie kwanza nani kamuua," Bibiane akasema.

Henning akatazama mlangoni, akatazama yale macho. "Mimi," akasema kwa sauti isiyosikika vizuri. "Ni mimi niliyeshika injini."

Maji yakamtoka kinywani. Mikide akameza, akalia, weupe wa macho ukarudi. Uvundo ukaondoka, na jikoni mpishi akaita kwamba maji ni matamu.

Asubuhi wakatia nanga mjini kwetu. Bibiane alidhani yamekwisha, mpaka alipokuta mfuko wa nguo wa mdogo wake umewekwa kwenye ngazi ya kushukia. Henning alikuwa amesimama pale na kahawa yake, amepona aibu kabisa. Akasema alichowaambia wakubwa ni kile kile, hakibadiliki.

"Yale ya jana? Mgonjwa hudanganywa ili apone," akasema, akacheka, akapiga funda la kahawa.

Njia ya mwongo ni fupi. Henning alikitazama kikombe, akakitazama tena. Kisha tundu za pua yake zikajifunga, zote mbili, taratibu, kama za sili anayetaka kuzama. Akakaa bila kupumua muda mrefu, uso unabadilika rangi. Pfuu.

"Bibiane," akanong'ona, na midomo ilikuwa imeshapasuka. "Niletee maji."

Bibiane akauchukua mfuko, akamshika mdogo wake mkono.

"Aliyeuawa hunyweshwa na aliyemuua," akamjibu. "Wewe, Henning, utanyweshwa na nani?"

Wakashuka ngazi.