Kijiko Ndani ya Wimbo

Jumamosi nyumbani kwetu huanza kwa sauti ya kijiko. Bibi hugonga kikombe chake cha bati, nami hujua anataka nini kabla sijafika chumbani kwake. Pigo moja ni maji. Mawili ni kumsaidia kwenda msalani. Matatu hana haja na kitu, anataka tu mtu wa kupiga naye soga. Utaratibu huo aliutunga mwenyewe magoti yalipomkatalia. Alisema amepiga chapa ofisini miaka thelathini na mmoja, na hayuko tayari kuzeeka akipayuka kama mnadi wa mitumba.

Mama yangu ni msusi. Jumamosi wateja humjaa mpaka mlangoni, kwa hiyo huondoka saa mbili kamili, chanuo mkobani. Kabla ya kutoka husema neno lile lile: "Mlango wa bibi usifungwe." Mimi nami hujibu, "Sawa, mama," huku mawazo yangu yakiwa kwingine kabisa.

Jumamosi moja mawazo yangu yalikuwa kwenye mchezo wa kuimba aliotuletea mjomba. Unauunganisha na televisheni, maneno ya wimbo yanapita kwenye kioo, unaimba kwenye maikrofoni, kisha mchezo unakupa alama kati ya mia. Wimbo wako unahifadhiwa pamoja na alama na saa uliyoimba, ili baadaye uusikilize ujisifu au ujicheke. Nilikuwa nimewaalika rafiki zangu wawili. Mmoja tunamwita Spika, na aliyemsikia mara moja haulizi sababu. Mwingine ni Kimya, ambaye akisema maneno kumi kwa siku amezidisha. Mimi bibi alinibandika jina la Kasuku, kwa kuwa nikishaupata wimbo mmoja nyumba nzima haina amani.

Saa tatu kamili nilimpelekea bibi chai. Redio yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kusoma habari.

"Kasuku," akaniuliza, "huko sebuleni mnaimba au mnamchinja paka?"

"Tunaimba, bibi."

"Basi mwambieni huyo paka avumilie, atakufa tu."

Tulicheka wote wawili, nikarudi mbio kwa wenzangu.

Tatizo lilikuwa ile redio. Maikrofoni iliinasa sauti ya msomaji wa habari, na mchezo ukawa unatukata alama. "Hiyo redio inatumaliza," alilalamika Spika. Ningeweza kurudi kwa bibi nikamwomba aipunguze. Ilikuwa hatua saba tu. Badala yake nilinyoosha mkono nikauvuta mlango wake, ukafungika.

"Mama yako si alisema..." Kimya alianza.

"Dakika tano tu," nikamkata.

Dakika tano zile ziliota miguu. Tuliimba, tukagombania maikrofoni, tukaimba tena. Katikati ya wimbo mmoja Kimya aliinua kichwa akauliza kama tumesikia kitu. Spika akamjibu kwamba ameisikia sauti yake mwenyewe na imemtosha. Tulicheka. Kimya akanyamaza, na wimbo ule ukatupa alama tisini na nne, ambazo hatukuwahi kuzipata.

Ilipofika saa tano na nusu tulikuwa tumechoka, koo zimekauka. Tukaamua kuusikiliza ule wimbo wetu bora. Sauti yangu ilitoka vizuri, ya Spika ilitoka kubwa, na nyuma yetu kulikuwa na kitu kinachogonga: ti, ti, ti-ti, ti. Spika akaanza kutikisa kichwa.

"Oneni, hata ngoma tumewekewa."

Kimya alisimama. "Wimbo huu hauna ngoma hiyo," alisema.

Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, na bado kinagonga. Katika utaratibu wa bibi hakuna pigo la nne. Niliukimbilia mlango nikaufungua.

Bibi alikuwa sakafuni kando ya kitanda, kijiko kimo katika mkono wake wa kushoto. Mkono wa kulia ulilala kama si wake. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Macho yalikuwa wazi, yakinitazama mimi. Alijaribu kuniambia kitu, ikatoka sauti isiyo na neno hata moja. Chai yake ilikuwa palepale nilipoiweka, imepoa, haijaguswa.

Spika alitoka mbio kumwita jirani yetu seremala, ambaye ana gari dogo la kubebea mbao. Kimya akakaa chini akakipakata kichwa cha bibi. Nilimpigia mama simu, nikasema "bibi ameanguka, tunampeleka hospitali," nikakata asije akaniuliza neno la pili. Kisha nikatazama televisheni. Ule wimbo ulikuwa bado umeandikwa pale: alama tisini na nne, saa tatu na dakika kumi na mbili. Bibi alikuwa ametugongea tangu wakati ule, nasi tukiimba juu ya mlio wa kijiko chake.

Nilibonyeza kufuta. Mchezo ukauliza: Una hakika? Nikabonyeza ndiyo. Wimbo ukatoweka, nami nikausukuma mlango wa bibi ukaegemea ukuta, kana kwamba haukuwahi kufungwa.

Spika aliporudi alinivuta kando. "Tuseme ameanguka sasa hivi," alinong'ona, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nikakubali kwa kichwa.

Tulimlaza bibi juu ya godoro, katikati ya maranda ya mbao, seremala akaendesha gari akipiga honi njia nzima. Mimi niliushika mkono ule wa kulia. Niliubana, nikaubana tena, haukunijibu. Nilitamani aniume, anifinye, anitukane, afanye chochote.

Mama alitukuta hospitali, nyuzi za nywele za wateja zimemganda gauni zima. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka. Alimmulika bibi machoni, akamwinua mikono, kisha akageuka.

"Nani alikuwa naye nyumbani?"

"Mimi."

"Imeanza saa ngapi? Nataka saa, si asubuhi wala mchana."

"Saa tano na nusu," nikasema. "Alikuwa mzima, halafu akaanguka."

"Una hakika?"

Lilikuwa swali lile lile la mchezo, na jibu langu likawa lile lile.

Aliandika. Kisha akamweleza mama taratibu kwamba huenda damu imeganda ikaziba mshipa unaokwenda kwenye ubongo. Ipo dawa ya kuyeyusha damu hiyo, lakini dawa yenyewe ina saa zake: nne na nusu tangu ugonjwa uanze. Zikipita hizo haiguswi, kwa maana inaweza kumwagisha damu kichwani. Kwanza apigwe picha ya kichwa. "Wapo wagonjwa wawili mbele yake," alisema, "lakini msiwe na wasiwasi. Kwa saa mliyonipa, tuna nafasi mpaka saa kumi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika arobaini. Tuliketi kwenye benchi. Nikaficha mikono chini ya gauni langu nikahesabu kwa vidole kuanzia saa tatu, mara ya mwisho nilipomwona mzima. Nne, tano, sita, saba, na nusu. Nikahesabu upya, labda nimekosea. Hesabu sijawahi kuiweza darasani, lakini ile sikuikosea. Bibi alikuwa amebakiwa na dakika hamsini, na watu wote mle ndani walidhani ana mchana mzima. Wangempiga picha kwa zamu yake, wangemchoma dawa saa nane au saa tisa, na dawa ile ile ya kumponya ndiyo ingemuua.

Nilijiambia nitasema mgonjwa wa kwanza akiingia. Akaingia, nikabaki mdomo wazi. Nilijiambia labda ugonjwa ulianza baadaye, labda kijiko kilikuwa mchezo tu wa bibi. Nikayaona tena yale macho yake pale sakafuni. Dakika moja ikapita, ikafuata nyingine, na kila moja niliyokaa kimya nilikuwa nampokonya yeye.

Mama alinizungushia mkono, akanivutia kifuani. "Mwanangu," akasema, "sijui ingekuwaje usingekuwepo."

Hapo nilivunjika. "Mama, si saa tano. Nilifunga mlango. Alitugongea tangu saa tatu na dakika kumi na mbili, hatukusikia. Nimeufuta wimbo. Nimemdanganya daktari."

Mkono wake ulitoka begani mwangu. Hakunipiga. Alinishika kifundo cha mkono akaniburuta ukumbi mzima mpaka kwa daktari, akasema, "Rudia."

Nikarudia. Maneno yalitoka vipande vipande. Daktari hakunigombeza, wala hakuwa na muda huo.

"Mara ya mwisho kumsikia akiongea sawasawa?"

"Saa tatu kamili. Redio ilikuwa inaanza habari."

"Alisema nini?"

Ilibidi nimwambie habari za paka. Pale ukumbini, mbele ya mama, nilisema kwamba bibi aliuliza kama tunamchinja paka. Daktari alitazama saa ya ukutani, akatupa kalamu mezani na kuanza kukimbia.

Aliyekuwa amebaki mbele yetu kwenye foleni ni mzee mmoja mwenye kitambaa kichwani. "Mpitisheni bibi," alisema akisogea. "Mimi kichwa changu kimeshapasuka, hakikimbii." Kitanda cha bibi kilipita mbele yangu, mlango ukafungwa, nami nikabaki nje nikiutazama mlango uliofungwa. Sijawahi kuuchukia mlango namna ile.

Dawa ilianza kuingia mwilini mwake saa saba na dakika ishirini na moja. Zilikuwa zimebaki dakika tisa.

Hatukuambiwa kwamba amepona. Tuliambiwa tusubiri. Mama alikaa mwisho wa benchi na mimi mwanzo wake, katikati pametosha watu watatu. Wakati wa alasiri Spika na Kimya walikuja na mama zao, macho yamewavimba. Spika alisimama mbele ya mama yangu akasema kwa sauti ndogo kwamba uongo ule aliutunga yeye. Kimya akasema, "Nilisikia, nikanyamaza." Maneno yake yote ya siku hiyo yalikwisha hapo.

Jua lilipokuwa linazama muuguzi alitoka akatuita. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinacheza.

Nililia kwa nguvu, na mama akasogea, ile nafasi ya watu watatu ikaisha.

"Sikiliza," akaniambia. "Mlango uliufunga kwa utoto. Nimekasirika, lakini utoto naujua, nami niliupitia. Ile saa ya uongo uliitaja ukijua unachofanya. Daktari alikuwa na dawa, alikuwa na mashine, alikuwa na nia, na uongo wako ulikuwa umemfunga mikono. Ukikosea, niletee kosa lenyewe lilivyo, hata likiwa baya kiasi gani. Hilo tutashikana tulitengeneze. Ukinificha, nitakuwa nahangaika na jambo ambalo silo, na anayeumia anaendelea kuumia."

"Nimekuelewa, mama," nikasema, na safari hiyo sikujibu huku mawazo yakiwa kwingine.

Bibi alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, na maneno yalimtoka moja moja, kwa kazi kubwa. Seremala alikuja na bisibisi, akaung'oa mlango wa chumba chake bila kuuliza, akaenda nao. Mchezo wa kuimba mama aliuweka juu ya kabati la sebuleni, nami sikuuulizia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa jikoni nikiosha vyombo, nikasikia kijiko. Moja, mbili, tatu. Niliacha bomba linatiririka nikakimbia. Bibi alikuwa ameketi kitandani, kijiko kimo katika mkono wa kulia, kinatetemeka. Nilipiga magoti mbele yake. Alifungua mdomo, akahangaika na neno, akaliacha, akalirudia.

"Pa... ka," akasema, akanyoosha kidole sebuleni, kuelekea ule mchezo juu ya kabati.