Punda Huvutwa Sikio

Saa 12:30 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka grisi. Mkubwa alichora duka la sonara sakafuni kwa chaki. Mlango hapa. Mlinzi hapa. Dhahabu kule.

"Gari?"

"Limelala mbele ya duka tangu jana," alijibu Spana, fundi wa gereji na dereva wa kazi hii. "La mke wangu. Fupi, mkia kama umekatwa kwa panga, kiti cha mtoto nyuma. Nani atalishuku?"

Shemeji, kaka wa mkewe, alicheka. "Kobe la dada bado linatembea?"

"Linatembea ukijua lugha yake, shemeji. Kitendawili!"

"Tega."

"Punda wangu wa asubuhi haamki mpaka avutwe sikio."

Shemeji alikuna kichwa. Mkubwa akaipiga chaki teke.

"Tumekuja kuiba au kutegeana vitendawili? Twende!"

Spana alikuwa anafungua kinywa atoe jibu. Ndipo akayaona mashati ya kubadilisha baada ya kazi, yamekunjwa kwenye mfuko wa Mkubwa. Mawili. Wao watatu.

Akamtazama Shemeji. Shemeji akaitazama chaki.

Jibu akalimeza.

Saa 2:05.

Mlinzi alilazwa kifudifudi. Mlangoni Mkubwa akageuka.

"Spana, funguo mpe shemeji yako. Wewe linda hapa."

Akampa. Hakubisha. Mkubwa alidhani ameshika mpini.

Saa 2:09.

Mkubwa na Shemeji walitoka mbio na mfuko wa dhahabu, wakampita kama nguzo, wakajitupa garini. Shemeji akazungusha funguo. Khe, khe, khe. Kimya. Khe, khe. King'ora cha duka kikaanza kulia.

"Linawashwaje?" Shemeji alipiga kelele dirishani.

"Kitendawili," Spana alisema.

"Nimeshindwa! Chukua mji, shemeji! Chukua miji yote!"

Machozi yalimtiririka Shemeji. Walishakula sahani moja, yeye na huyu. Atamwambia nini mkewe? Spana akalaani, akainama, akapitisha mkono dirishani kukifikia kitufe cha choki chini ya usukani, kile kinachovutwa ili injini baridi iwake.

Mkubwa aliuona mkono tu. Akadhani unaufuata mfuko.

Akafyatua bastola.

Saa 2:16.

Polisi waliwatoa garini wawili wale, pingu mikononi. Askari mmoja mzee akaketi kwenye usukani alisogeze gari pembeni.

"Haliwaki, afande," Shemeji alisema, kamasi zikimtoka. "Bovu hilo."

"Bovu wewe. Nililea wanangu watatu ndani ya gari kama hili." Akaivuta choki kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemwamsha mjukuu. Akazungusha funguo.

Likawaka mara moja.

Spana, shavu juu ya lami, alilisikia likinguruma. Alitaka kumwambia yule mzee: umepata. Midomo ikakataa.