Mmweko Kwenye Laini ya Bukene

Enzi zile simu ilikuwa na mtu ndani yake, na Tabora mtu huyo alikuwa Zamda, mwunganisha simu wa posta. Lukumani hakulijua hilo siku walipokutana. Alichojua ni kwamba kopo zima la asali la binti mmoja limemwagikia suruali yake mpya ya bugaluu, pale stesheni, treni ya Mwanza ikipiga honi na wapagazi wakitukanana.

"Kaka, unatembea macho juu kama kuku anayekunywa maji!" alifoka yule binti. Gauni la maua ya njano, nywele za twende kilioni, viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu na jeuri.

"Samahani, dada. Nilikuwa natazama mbinguni."

"Umeitwa?"

"Bado. Mimi mwalimu wa fizikia." Akamwonyesha jarida lililokuwa likinata asali. "Wamarekani wamerusha vyombo huko juu kuchungulia nani anajaribu mabomu kwa siri. Badala ya mabomu vimenasa mimweko ya miale ya gamma, kutoka mbali, ng'ambo kabisa ya jua letu. Inawaka ghafla, mara kimya! Hakuna anayejua ni nini."

"Na upande inakotoka wanaujuaje?"

"Vyombo viko kadhaa. Wanalinganisha kipi kimepata kwanza, kipi kimechelewa."

"Haya, profesa. Wewe nyuki wanajua ulipo. Kimbia!"

Wakapendana. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji: sukari kwa foleni, kanga kwa bahati, ila maneno matamu hayakuwa na mgao. Kila jioni Lukumani alizungusha mpini wa simu ya shuleni.

"Namba tafadhali."

"Niunganishe na moyo wako."

"Unatumika. Subiri."

"Unaongea na nani?"

"Na mwehu mmoja wa bugaluu."

Jioni moja Zamda akauliza bila kucheka. Twalibu, mwenye maduka mjini, alikuwa ameleta posa kwa baba yake, Mzee Yahaya, fundi viatu wa Chemchem. "Na wewe, Luku, utakuja lini nyumbani?"

Mwingine angesema kesho. Lukumani, kwa woga, akafanya alichozoea: akatania. "Mpenzi, mimi mmweko. Nawaka, napotea. Umeona wapi mmweko ukapiga hodi Chemchem?"

Zamda akachomoa plagi, laini ikakatika.

Wiki ileile Lukumani akahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Alipopiga kuaga, Zamda aliisikia sauti yake na kukata papo hapo, asijue mwenzake anapelekwa wapi. Kuuliza shuleni? Afadhali ameze plagi. Masika yakaisha. Kila kitaa cha simu kilipowaka kwenye ubao wake wa kuunganishia alikirukia, kisha akasema "namba tafadhali" kwa sauti ya mfiwa.

"Namjibu Twalibu Ijumaa hii, baada ya swala," Mzee Yahaya akasema mwishowe. "Au una neno?"

"Sina, baba."

Asubuhi ya Ijumaa hiyo kitaa cha laini ya kaskazini kikawaka. "Zamda, ni mi..." Mkwaruzo. Kimya.

Waya ule mmoja ulikuwa na vituo vingi, na kengele ikipigwa popote, wote waliisikia. Zamda akaanza kuwauliza, kituo kwa kituo, imelia kwa nguvu kiasi gani. Nzega wakasema imelia kwa mbali, kama mbu. Akajaribu Bukene, kwa Mzee Lugembe, mtunza simu.

"Shikamoo, mzee. Umesikia kengele sasa hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Imelia hadi njiwa wameruka! Aliyepiga ni mwalimu mmoja, kakaa hapa juu ya gunia la mpunga anautukana waya."

"Mpe simu."

"Zamda wangu! Ule mzaha..."

"Baba anamjibu Twalibu leo. Sema neno moja, na lisichekeshe."

Kule Bukene Lukumani akainuka kwenye gunia.

"Nakuposa," Lukumani akasema. "Siku ile niliogopa, ndiyo maana nikatania. Leo naogopa zaidi, na bado nakuposa."

Zamda akamtuma Getruda, mwenzake wa kazini, kwa baiskeli akamwite baba. Mzee Yahaya akafika posta na kanzu yake ya Ijumaa, akaushika mkonga wa simu kama anashika kambare.

"Posa haiji kwa waya!" akanguruma. "Mshenga wako yuko wapi?"

Bukene kukawa na purukushani, kisha kikohozi. "Mshenga ni mimi, Lugembe. Kijana huyu nimeishi naye masika yote. Anafundisha, analima, hana tamaa ya cha mtu. Kasoro yake mdomo."

Mzee Yahaya akacheka bila kupenda. Wazee wakaulizana ukoo, wakaulizana mvua. Laini ilikuwa mbovu, na muda wote huo Zamda aliishikilia plagi kwa mkono, posa yake mwenyewe isije ikakatika.

Hatimaye baba akamgeukia. "Twalibu nitamwomba radhi. Lakini nataka nisikie kwako. Unamtaka huyu?"

Zamda, aliyelipwa na serikali kwa kusema, akainamisha uso na asitoe hata neno.

"Haloo? Haloo!" Lukumani alipiga kelele kule Bukene. "Mzee Lugembe, waya umekatika tena!"

"Haujakatika, mwalimu," Lugembe akamwambia. "Binti kaulizwa, kanyamaza. Kwao huko ndiko kukubali. Hebu na wewe, kwa mara moja tu, nyamaza."