Kugonga Mara Moja ni Ndiyo

"Nani kagonga?"

Shangazi aliuliza hivyo Jumamosi mchana na hakuna aliyemjibu, kwa sababu watu wote wa nyumba ile walikuwa jikoni, watatu, na mikono yao ilionekana. Shangazi alikuwa anachuja supu. Mama alikuwa anaimimina katika mifuko midogo ya friji. Na binti, ambaye chuoni na nyumbani aliitwa Wakili kwa kuwa hajawahi kuzidiwa hoja akanyamaza, alikuwa anaandika tarehe kwenye kila mfuko.

Jumatatu Wakili alikuwa anakwenda kupasuliwa taya, lililokaa upande tangu utotoni. Baada ya hapo meno ya juu na ya chini yangefungwa pamoja kwa waya kwa wiki sita, chakula kwa mrija. Kila kitu kilishaandaliwa: mito mitatu ya kumwinua alalapo, mashine ya kusagia, kibao na chaki. Na kwa kuwa mama, fundi cherehani, alikuwa na oda ya sare za shule, na chumba chake cha kushonea kilipakana na cha Wakili, asubuhi ya Jumamosi ile walifanya mazoezi ya kugonga ukuta kwa kijiko. Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Mama aliuliza, ukuta ukajibu, wakacheka.

Jikoni mama alikuwa bado anacheka. Alisema wiki sita hizo nyumba itapumua, hatimaye atapata binti mtulivu, wa kuitikia ndiyo kila anachoulizwa. "Wa hivyo akija," alisema, "namkaribisha kwa mikono miwili."

Ndipo chumbani kwa Wakili, ambako hakukuwa na mtu, ukuta ukagongwa. Mara moja.

Mama alisema ni bomba la maji. Wakili alikuwa na la kusema juu ya mzazi anayemwombea mtoto wake ububu, akalisema, kwa kirefu, na ubishi ukaumeza ule mlio pamoja na swali la shangazi.

Alirudi nyumbani Alhamisi, uso umevimba, midomo haina hisi. Daktari alimpa mama mkasi mdogo wa kukatia waya, na maneno ambayo mama aliyarudia njia nzima: akitapika akashindwa kupumua, kata hapa na hapa. Mkasi usiwe mbali naye hata dakika moja. Mama aliushika kama aliyepewa nyoka amlelee.

Ijumaa Wakili aliamka akakuta dirisha limefungwa, pazia limevutwa na kikombe cha supu kimepoa kando yake. Aliandika kwenye kibao: Nani kasema dirisha lifungwe?

Mama akashangaa. "Si nimekuuliza ukagonga? Dirisha, ndiyo. Supu, ndiyo. Wageni waje Jumapili, ndiyo. Mwanangu, hujawahi kuwa mwepesi wa kukubali hivi."

Wakili aliandika HAPANA kwa herufi kubwa mpaka chaki ikakatika. Mama alimpapasa kichwa, akasema ni dawa za maumivu hizo, na kwamba mtu huyu hata afungwe waya atabisha kwa vidole.

Chumba kilinuka chuma kilicholoa. Alidhani ni damu ya kinywa chake, mpaka alipogeuza uso ukutani akaikuta ile harufu huko, nzito, ya vuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyeegemea ndani ya ukuta wenyewe.

Jumamosi mchana shangazi alikwenda duka la dawa. Mama alikuwa ameuchukua mkasi kuuchemsha. Cherehani ikanyamaza, na sauti ya mama ikapenya ukutani.

"Mkasi umekauka. Nikae nao huku? Ukiwa hapo kitandani nakosa raha."

Wakili alishika kijiko akagonga mara mbili, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kijiko hakikutoa mlio. Kilikuwa kama kinapiga godoro. Kisha ndani ya ukuta, chini kabisa ya kiganja chake, kitu kikagonga. Mara moja, kwa adabu.

"Haya. Uko sawa lakini?"

Mara moja.

Ile harufu ikamjaa kooni, supu ikarudi ikakuta mlango wa meno umefungwa, akajaribu kuita na sauti ikafia puani, akagonga tena na tena na ukuta ukala kila pigo, huku mama akiuliza kama anataka kulala na kile kitu kikimjibu ndiyo, kama amwache peke yake, ndiyo, na cherehani ikaanza tena kukimbia, na Wakili akajiangusha kutoka kitandani akatambaa, hewa imekatika, supu ikimtoka puani, akiisikia ile pumzi ikimfuata ukutani sambamba naye korido nzima, haimtangulii wala haibaki nyuma, mpaka mkono wake ukashika kifundo cha mguu wa mama juu ya pedali.

Mama hakupiga kelele. Alimwinamisha juu ya paja lake akakata, hapa na hapa, nyuzi nne za waya, kwa mikono iliyokata vitambaa miaka thelathini. Hewa ikaingia kwa mluzi.

Shangazi aliporudi aliwakuta sakafuni. Wakili hakuweza kusema, taya lilining'inia tu, lakini mama alikuwa amekwisha kumsikia kwa mara ya kwanza wiki ile. Aliyakumbuka maneno yake ya jikoni. Akaishika mikono yote miwili ya binti yake ndani ya yake, akaugeukia ukuta, akalia.

"Mimi ndiye niliyekukaribisha. Basi nimekufukuza. Umeondoka?"

Shangazi aliinua mkono kumziba mdomo, akachelewa.

Ukuta ukagonga. Mama akashusha pumzi.

Ukagonga tena.

Wakili alichomoa mkono wake taratibu, akaokota chaki ya fundi, akavuta sare ya bluu iliyokuwa chini ya sindano. Akaandika juu yake:

Mama, usiulize ukuta tena. Niulize mimi, ukinitazama.